Plastiki na metali za milimita 28: askari wa Zama za Kati wakisimama bega kwa bega

Boksi la askari wa plastiki wa michezo ya vita ya mezani limeandikwa milimita 28, na pakiti ya askari wa metali nayo imeandikwa milimita 28. Ukiwasimamisha mezani, askari mmoja anamfikia mwenzake puani, na mwingine ana ngumi kubwa utadhani ni jitu. Hakuna aliyeandika uongo. Watengenezaji wengine hupima kutoka unyayoni hadi machoni, kwa sababu kofia ya chuma huficha utosi. Wengine hupima hadi utosini. Wengine huandika 28 kwa vile hilo ndilo kundi la wachezaji wanaotaka kuwauzia, basi.

Ulinganisho huu ni wa mchezaji anayetaka kuchanganya sanamu za plastiki ngumu na za metali za majeshi ya Ulaya, tangu vita vya Hastings mwaka 1066 hadi vya Bosworth mwaka 1485. Kabla hajalipa anataka kujua zipi zitaingia kikosi kimoja, zipi zitakaa jeshi moja ila vikosi tofauti, na zipi zisisogezwe karibu kabisa. Tuseme mapema tunaposimama: urefu ndio tofauti rahisi kuliko zote kuifuta. Kinachomwumbua askari mgeni ni kichwa, ngumi na unene wa silaha, na kwa wapanda farasi ni farasi mwenyewe.

Hesabu kwanza

Chukua mtu wa kimo cha sentimita 170. Macho yake yako kama sentimita 159 kutoka ardhini. Gawa kwa 56, unapata milimita 28.4, na ndiyo maana milimita 28 huhesabiwa kuwa skeli ya 1:56, yaani sanamu ni ndogo mara 56 kuliko mtu halisi. Jedwali hili linaonyesha vitu vinavyopaswa kuwa na urefu gani, kwa milimita, kama skeli ingefuatwa sawasawa.

| Kitu | 1:56 (28 mm) | 1:72 | 1:100 (15 mm) |
|---|---|---|---|
| Mtu, unyayo hadi utosi (sm 170) | 30.4 | 23.6 | 17.0 |
| Mtu huyo, unyayo hadi macho | 28.4 | 22.1 | 15.9 |
| Kichwa kitupu, kidevu hadi utosi (sm 22.5) | 4.0 | 3.1 | 2.3 |
| Farasi, kwato hadi mabega (sm 147) | 26.3 | 20.4 | 14.7 |
| Upinde mrefu (sm 198) | 35.4 | 27.5 | 19.8 |
| Mkuki mrefu wa mita 5 | 89.3 | 69.4 | 50.0 |

Angalia mstari wa kichwa. Katika 1:56 kichwa ni milimita 4. Wachongaji wengi hukikuza hadi milimita 5 au zaidi ili uso uonekane kutoka umbali wa mkono na brashi ipate pa kushika. Milimita moja ya ziada kwenye kimo cha mtu ni asilimia 3, jicho halihangaiki nayo, maana watu hawalingani vimo. Milimita hiyo hiyo kwenye kichwa ni asilimia 25. Hakuna jeshi duniani ambalo nusu ya askari wake wana vichwa vikubwa kwa robo nzima kuliko wenzao, na jicho linalijua hilo bila kufundishwa.

Mstari wa upinde nao una lake. Pinde zilizotolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zina urefu wa kati ya sentimita 187 na 211. Ukizisimamisha wima, zinampita mpiga upinde mwenyewe. Kwenye sanamu nyingi za metali upinde unaishia begani au sikioni, kwa sababu ncha ndefu nyembamba hukatika au haijai wakati wa kumimina. Kwa hiyo kikosi cha wapiga upinde kilichochanganywa huweza kulingana kimo na vichwa, na bado kikaonekana kimeokotwa huku na kule, kwa sababu ya pinde tu.

Kupima kunataka kalipa, yaani kipimo cha taya mbili, ile ya namba ikiwa ipo. Pima kutoka juu ya kitako kilichotoka pamoja na sanamu, si kutoka mezani, kwa kuwa kitako cha metali huwa na unene wa milimita 1.5 hadi 3 na cha plastiki mara nyingi ni milimita moja tu. Sanamu nyingine za plastiki hazina kitako kabisa. Chagua askari aliyesimama wima. Mpiga upinde aliyepanua miguu au mwenye mkuki aliyepiga goti atakupa namba isiyo na maana. Kisha pima uso, kidevu hadi nyusi, ambao katika 1:56 ni kama milimita 2.2, maana sehemu hiyo huonekana hata chini ya kofia. Mwisho pima upana wa ngumi, ambao ni milimita 1.6 hivi. Namba hizo tatu kwa sanamu tatu za kila aina zinatosha. Wachezaji hutumia pia alama za mfumo wa Barrett, kama 28L, 28M na 28H: namba ni urefu hadi machoni, na herufi inaeleza umbo jepesi, la wastani au nene. Herufi hiyo ina faida kuliko namba.

Nyenzo inavyobadilisha umbo

Metali nyeupe ni aloi ambayo msingi wake ni bati, pamoja na antimoni kidogo na vinginevyo. Za zamani zina risasi nyingi. Humiminwa kwenye kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi. Mpira unapinda, hivyo sanamu hutoka nzima, mkono ukiwa umevuka kifua na ngao ikiwa mgongoni. Lakini metali haipendi njia nyembamba. Mchongaji akijua hivyo hunenepesha mpini wa mkuki, bapa la upanga na vifundo vya mikono, na mara nyingi huacha ngumi wazi ili uingize waya.

Plastiki ngumu husukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili zinazofunguka moja kwa moja. Chochote kilichojificha ndani ya mkunjo kingenasa, kwa hiyo pande za sanamu hulainishwa na mikono hutengwa. Shinikizo nalo hufikisha plastiki mahali ambapo metali ingeganda njiani. Ndiyo maana panga na mikuki ya plastiki huwa nyembamba, karibu na ukweli, huku mbavu za askari huyo huyo zikiwa hazina kitu. Mtazame kwa mbele ni mzuri kuliko wa metali. Mgeuze ubavu, na deraya ya pete imefifia hadi kuwa uso laini.

Kuna athari nyingine isiyosemwa sana. Mikono ya plastiki ikigandishwa bila kusawazisha kwanza maungio, mabega hutanuka kwa nusu milimita kila upande. Askari mwembamba anakuwa mpana, na lawama inaangukia skeli. Pitisha tupa kwenye bega na kwenye mkono hadi nyuso mbili zilale bapa, kisha ndipo gundi.

Uzito hautabiriki kwa macho ila hesabu yake ni rahisi. Bati lina msongamano wa gramu 7.3 kwa sentimita ya ujazo, plastiki ya polistirini ni 1.05. Umbo lile lile likiwa la metali ni zito mara saba. Askari wa miguu wa metali ni gramu 15 hadi 25, wa plastiki ni 2 au 3. Kikosi cha askari 40 cha metali kinakaribia gramu 800, cha plastiki hakifiki 150. Tofauti hiyo utaihisi kwenye sanduku la kubebea zaidi ya mezani.

Nani asimame na nani

Perry Miniatures, kampuni ya mapacha Alan na Michael Perry wa Nottingham, ndiyo wachezaji wengi huifanya rula ya kuwapimia wengine wote. Plastiki zao zimegawanywa kwa vipindi: 1415 hadi 1429, yaani Agincourt na miaka iliyofuata, na 1450 hadi 1500, yaani Vita vya Mawaridi. Boksi la askari wa miguu wa Vita vya Mawaridi lina sanamu 40, la mamluki wa Ulaya 40, la manaiti (askari wa tabaka la juu wenye deraya) wa miguu 38, na la wapanda farasi wenye deraya 12. Umbo ni jepesi, vichwa vidogo, viungo vina uwiano wa binadamu. Metali zao za vipindi hivyo zimechongwa na mikono ile ile, na hapa hakuna la kurekebisha: kichwa cha plastiki kinakaa kwenye kiwiliwili cha metali bila mtu kujua. Anayetaka kuchanganya bila kuhangaika aanzie hapo. Nunua plastiki kwa ajili ya wingi, halafu metali kwa makamanda, mizinga na vitu ambavyo plastiki haijavitoa.

Claymore Castings, metali za karne ya 14, zinakaribiana na Perry kwa umbo. Zinafaa kwa Vita vya Miaka Mia kabla ya Agincourt, kipindi ambacho plastiki za Perry zimekivuka. Tahadhari ni ya mavazi zaidi kuliko ya vipimo: kofia na deraya za miaka ya 1380 zikisimama katikati ya za 1450 zitakosolewa na mjuzi hata kama kalipa imeridhika.

Fireforge Games ya Italia hutoa plastiki za karne ya 13 hasa: manaiti wa Teutonic na wa Hekalu, askari wa miguu, wapiga upinde. Ni warefu kidogo kuliko Perry, miguu mirefu, wembamba kiasi. Ndani ya jeshi moja na Perry wanapita vizuri. Ndani ya kikosi kimoja ni suala la boksi kwa boksi, kwa hiyo pima.

Victrix ni habari nyingine. Waviking, Wasaksoni na Wanormani wao wa plastiki ni warefu na wapana wa kifua, wamechongwa kwa ustadi mkubwa, mishipa na mikunjo yote iko. Tatizo ni kwamba uzuri huo uko kwenye mwili mkubwa. Ukimweka mmoja wao kando ya metali ya zamani, yule wa metali anageuka mtoto. Tunashauri Victrix wakae vikosi vyao wenyewe, au wawe walinzi wa chifu, ambapo ukubwa unaweza kusomeka kama cheo.

Gripping Beast wana plastiki na metali. Plastiki zao, kama boksi la Wasaksoni wa daraja la juu lenye sanamu 44, zina mikono minene na vichwa vikubwa kwa mwili, hivyo zinaelewana na metali nene kuliko na plastiki nyembamba za wengine. Conquest Games, ambao boksi lao la manaiti wa Kinormani lina wapanda farasi 15, wako katikati: si wembamba wa Perry, si majitu.

Upande wa metali peke yake, Crusader Miniatures wana kimo cha kawaida lakini vichwa na ngumi za kujaa. Front Rank, mfululizo ambao sasa uko mikononi mwa Gripping Beast, ndio wanene kuliko wote tuliowataja: viatu vizito, mikunjo ya nguo mikubwa, nyuso pana. Ni sanamu za raha kupaka rangi, kila mkunjo unaona brashi inapokwenda. Kando ya Perry, lakini, utafikiri ni ukoo mwingine wa watu. Front Rank na Crusader wanavumiliana. Front Rank na plastiki yoyote nyembamba, usijaribu kwenye kibao kimoja, yaani kipande bapa cha kusimamishia sanamu.

Old Glory huuza kwa mfuko, askari wa miguu 30 au wapanda farasi 10, na ndani ya mfuko mmoja pozi na vimo hupishana. Kupishana huko ni faida: wao wenyewe ni mchanganyiko, hivyo mgeni haonekani haraka. Foundry wa zamani, ambao baadhi yao walichongwa na ndugu hao hao wa Perry, ni wadogo kuliko sanamu za leo. Essex wa milimita 25 ni wafupi zaidi. Hao wawili wanafaa mstari wa nyuma wa jeshi la Perry wakiinuliwa kidogo, lakini wakiwekwa na Victrix ni bure.

Farasi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Askari wa miguu akikosewa kwa milimita moja, kikosi kinammeza. Farasi ni wachache, wakubwa, na wanasimama mbele.

Utafiti wa mifupa ya farasi iliyochimbuliwa Uingereza umeonyesha kwamba farasi wengi wa Zama za Kati, wa vita wakiwemo, hawakufika mikono 14.2, yaani sentimita 147 mabegani. Katika 1:56 hiyo ni milimita 26.3. Mchezaji aliyezoea picha za farasi wakubwa huona farasi wa namna hiyo ni mdogo, na watengenezaji hulijua hilo. Basi utakuta farasi wa metali za zamani wadogo kupita kiasi, wa plastiki mpya wakubwa kupita historia, na wote wameandikwa 28.

Usimpime farasi kwa kichwa chake, maana shingo hupanda na kushuka kwa pozi. Pima kutoka chini ya kwato hadi mabega, mbele tu ya tandiko. Kisha tazama mpandaji: naiti hukaa miguu ikiwa imenyooka, na unyayo wake unapaswa kufika usawa wa tumbo la farasi au chini yake kidogo. Ukifika magoti ya farasi, farasi ni mdogo. Ukiishia katikati ya mbavu, farasi ni mkubwa au mpandaji ni wa skeli nyingine.

Kubadilishana wapandaji kuna kizuizi kingine: upana wa tandiko. Kiwiliwili cha farasi katika 1:56 ni kama milimita 10 kwa upana. Mpandaji wa metali alimiminwa akiwa na nafasi ya farasi wake tu kati ya mapaja, na mapaja hayo hayafunguki kwa kulazimisha. Antimoni huifanya metali ivunjike baada ya kupindwa mara kadhaa. Farasi wa plastiki ndiye wa kupunguzwa. Kwangua tandiko kwa kisu pande zote mbili, jaribu, kwangua tena, hadi mpandaji akae bila kuyumba, halafu ziba mapengo kwa puti ya epoksi na uigeuze kuwa ukingo wa tandiko. Mpandaji wa metali juu ya farasi wa plastiki huwa mzito juu na mwepesi chini, anaanguka ukigusa meza. Gandisha washa, yaani pete bapa ya chuma, chini ya kibao au tumia kibao cha chuma. Kinyume chake, wa plastiki juu ya farasi wa metali, hakina shida hata kidogo.

Wapanda farasi wa aina tofauti wasipokubaliana, usiwachanganye ndani ya kikosi. Watenge: farasi wakubwa kwa manaiti, wadogo kwa wapanda farasi wepesi. Hata historia inakubali, maana farasi wa bei hawakupewa kila mtu.

Kurekebisha

Kimo kwanza, kwa sababu ni kazi ya dakika chache. Tofauti ya milimita moja huondolewa kwa vibao: milimita 2 kwa mrefu, milimita 3 kwa mfupi, na mchanga na gundi nyeupe vinaficha ukingo. Kwa vibao vilivyolingana, weka kipande cha karatasi ya plastiki ya milimita moja chini ya mfupi. Kitako kinene cha metali kinaweza kupunguzwa kwa tupa bapa, lakini usikikate kwa koleo karibu na miguu. Nguvu ya koleo hupanda hadi vifundoni na kuvipinda. Tofauti ikipita milimita 2, acha. Askari aliyepandishwa sana anaonekana amesimama kwenye kisiki.

Mikuki ndiyo marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote, na watu huyapuuza. Ukikitazama kikosi kutoka upande wa pili wa meza, unachokiona kwanza ni msitu wa mikuki. Ondoa mipini yote, ya plastiki na ya metali, uweke waya wa unene mmoja, milimita 0.8, na urefu mmoja. Askari wawili wasiofanana nyuso watakuwa jeshi moja. Waya wa shaba ya njano unapigwa nyundo kwenye ncha na kuchongwa kwa tupa kuwa bapa la mkuki, ila hupinda kirahisi kwa urefu wa milimita 89. Waya wa chuma haupindi, lakini ncha yake haipigiki, na vipande hurukia macho unapoukata, hivyo vaa miwani. Kwa mikuki mifupi tumia shaba, kwa mirefu tumia chuma.

Ngumi ya metali hutobolewa kwa keekee ya mkono yenye msumari wa milimita 0.9. Anza na alama ya ncha ya sindano ili msumari usiteleze. Zungusha mara mbili, utoe, usafishe, urudie, kwa sababu metali laini huziba mifereji ya msumari na ndipo unapovunjikia ndani. Nta kidogo ya mshumaa inasaidia. Ngumi ya plastiki ina upana wa milimita 2 au chini, hivyo tundu la 0.9 linaiacha na kuta nyembamba. Zungusha polepole, na usitumie keekee ya mota kamwe, joto lake huyeyusha tundu likawa pana.

Vichwa vya plastiki vinaokoa viwiliwili vya metali vyenye nyuso zilizokwisha, ila fuata ukubwa. Kichwa cha Perry juu ya mwili wa Front Rank kinaonekana kama cha pini. Kata kichwa cha metali kwa msumeno mwembamba wa sonara, maana koleo huponda kola. Sawazisha shingo kwa tupa, toboa tundu la milimita 0.8 lenye kina cha milimita 3 shingoni na 2 tu kwenye kichwa cha plastiki, weka pini, kisha supagluu. Gundi ya plastiki haifai hapa. Inafanya kazi kwa kuyeyusha polistirini pande zote mbili, na metali haiyeyuki. Supagluu nayo haipendi mshtuko, ndiyo maana ya pini. Ukifungia sanamu kwenye kiboksi kabla supagluu haijakauka, mvuke wake huacha ukungu mweupe usoni.

Kabla ya rangi osha zote kwa maji vuguvugu na sabuni, metali kuondoa unga wa kalibu, plastiki kuondoa mafuta. Tumia rangi ya awali moja kwa zote, kwani msingi mmoja hufanya nyenzo mbili zionekane moja. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya plastiki iliyoshikilia sehemu za sanamu: baadhi ya rangi za kupuliza za magari zina kiyeyushi kikali kinachotafuna plastiki. Metali huchubuka kwenye pua, ncha za panga na magoti kwa sababu zinagongana kwa uzito wake. Vanishi mbili, ya kung'aa kisha ya kufifisha, si anasa kwake. Kwa plastiki moja inatosha.

Ukinunua metali kuukuu, fahamu kwamba za risasi huota unga mweupe kijivu zikihifadhiwa kwenye kabati la mbao inayotoa asidi, hasa mwaloni. Nawa mikono baada ya kuzipiga tupa, na usile karibu na vumbi lake.

1:72 na milimita 15, kwa ufupi

Plastiki za 1:72, kama za Zvezda na Italeri, zimeandikwa skeli halisi, kwa hiyo zinatofautiana kidogo kuliko za 28, ingawa Zvezda huwa warefu wembamba. Nyingi ni plastiki laini. Mikuki hupinda badala ya kuvunjika, ambayo ni baraka, na rangi hubanduka pale inapopinda, ambayo si baraka. Maji ya moto huinyosha, maji baridi huishikisha. Metali za milimita 20 huweza kusimama nazo, lakini nyingi ni nene na fupi, pima uso. Milimita 15 kwa Zama za Kati ni ufalme wa metali, na kwa ukubwa huo tofauti ya umbo haisumbui mtu akiweka kila aina kwenye kibao chake.

Jeshi kwa jeshi

Towton 1461 au Bosworth 1485: Perry plastiki kwa wingi, Perry metali kwa mizinga na makamanda. Hatuoni sababu ya kutafuta kwingine, labda una Foundry kabatini.

Agincourt 1415: Perry tena. Hapa angalia pinde. Askari wa metali wenye pinde fupi uwape kazi nyingine au uwabadilishie.

Hastings 1066 ndiyo penye uchaguzi halisi. Wanormani wa Conquest juu ya farasi na Crusader wa metali kwa miguu wanaendana. Wasaksoni wa plastiki wa Gripping Beast wanajaza ukuta wa ngao kwa gharama ndogo, na ngao zenyewe huficha nusu ya tofauti ya miili. Ukichagua Victrix, chagua Victrix pande zote mbili, kwa sababu jeshi zima la watu wakubwa likipigana na la watu wadogo linaonekana vibaya kuliko mchanganyiko.

Karne ya 13, Teutonic na wenzao: Fireforge ndiye mwenye plastiki, na wapandaji wake 12 kwa boksi hutosha kuanzia. Kabla ya kununua angalia kanuni unazochezea. DBA, moja ya kanuni hizo, kwa sanamu za 25 na 28 hutaka kibao cha upana wa milimita 60, chenye askari wazito 4 wa miguu au manaiti 3. Hiyo ni milimita 15 kwa askari na 20 kwa farasi. Metali zilizokusanya mikono kifuani huingia bila taabu. Plastiki za mikono ya kutenga hutanuka, na wanne hawaingii ila ukigandisha mikono ikielekea mbele na kupishanisha safu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Jaribu kwenye kibao kabla gundi haijakauka. SAGA, kanuni nyingine ambayo kila askari ana kibao chake, haina shida hiyo.